Oleta Awapima Wanawake Wawili

Verlin Caudill alikwisha kusema, na Verlin si mtu wa kurudia neno: siku watakapokifunga chumba cha kusafishia damu pale hospitali ya Vestal, naye amefunga. Havuki mlima. Hakai kwenye gari tangu alfajiri, aende akalale kwenye mashine huko ng'ambo kati ya watu asiowajua, arudi jioni ametapika njia nzima, kesho yake ashinde kitandani kama gogo, keshokutwa aanze upya.

"Nusu ya umri wangu nimekaa chini ya ardhi nikichimba makaa," alimwambia mkewe. "Hii iliyobaki siendi kuimalizia barabarani."

"Na mimi je?" Oleta akauliza.

"Wewe una kuku."

Ndivyo alivyokuwa. Jambo likimuuma sana analigeuza mzaha, na Oleta alikuwa amekaa naye vya kutosha kujua kwamba Verlin akishafanya mzaha, mazungumzo yamekwisha. Akanyanyuka mezani, akaenda kuwapa hao kuku chakula, akalia huko huko bandani.

Daktari alikuwa amewaeleza bila kuficha. Figo zimekufa zote mbili, na bila mashine ni habari ya wiki, si ya miezi. Muuguzi mmoja alipanda mpaka kwao, bonde la Turkeypen, kutazama kama mashine ndogo ingeweza kuwekwa nyumbani. Akafungua bomba la jikoni, maji yakatoka rangi ya chai, kama yalivyotoka tangu kampuni ya makaa ilipokata mlima kwa nyuma na kuondoka. Akauliza umeme hukatika mara ngapi. Verlin akamjibu, "Paka akipiga chafya." Muuguzi akafunga bomba, akawashukuru kwa kahawa, hakurudi.

Basi kilichobaki kilikuwa Vestal, na Vestal ilikuwa inafungwa mwisho wa Juni. Wenye hospitali walikuwa watu wa mbali, hakuna aliyewahi kuwaona. Tangazo lilibandikwa mlangoni, likanyeshewa, likabandikwa jingine.

Wakati huo huo mzee aliyewawakilisha watu wa milima hii kule Kongresi miaka nenda miaka rudi alitangaza kwamba amechoka. Wakajitokeza wawili kukitaka kiti chake, wote wanawake, wote wa chama kimoja. Chama kile cha pili kilimweka mtu wa kuandika jina tu, maana sehemu hizi za Kentucky chama cha pili hakipati kitu. Atakayeshinda mchujo wa wawili hao mwezi wa Mei ndiye mbunge, uchaguzi wa Novemba ni kumpigia makofi.

Oleta hakuwa mtu wa siasa. Lakini kila usiku, akimsikiliza Verlin akipumua, hesabu aliyoifanya ilikuwa moja: kati ya wanawake wale wawili, kama yupo atakayewarudishia zile mashine, ni yupi?

Wa kwanza aliitwa Rhonda Stidham. Huyu alizaliwa mabonde mawili tu kutoka Turkeypen. Babake aliendesha lori la makaa, na yeye alisuka na kukata watu nywele kabla hajaingia bunge la jimbo. Sauti yake inajaza ukumbi bila kipaza. Kuna kona moja mbaya pale kijito kinapoingia barabarani, magari yalikuwa yanatumbukia kila mwaka, na Rhonda ndiye aliyewasumbua wakubwa mpaka ikawekewa chuma cha kuzuia. Hilo hakuna wa kumnyang'anya.

Wa pili alikuwa Carolyn Prewitt, mtu wa nchi tambarare ya chini, kule ambako farasi wanalala pazuri kuliko watu. Mjane wa daktari. Mwembamba, mkavu, nywele fupi za kijivu, maneno yake kama ya mtu anayelipia kila moja. Aliwahi kuiongoza hospitali ya kwao. Watu wa Turkeypen walimwita "yule wa farasi" na hawakuwa wanamsifu.

Kila masika zimamoto wa bonde huandaa karamu ya maharage kituoni kwao, magari ya moto yakitolewa nje na meza ndefu kuingizwa ndani. Wagombea hualikwa. Utaratibu ni mmoja tangu zamani: mgombea anakula kwanza, anahutubia baadaye, na watu huitazama sahani kuliko wanavyosikiliza mdomo. Oleta ndiye aliyesimamia chungu mwaka ule, pamoja na jirani yake Zella Fugate.

Rhonda alimaliza sahani mbili, na kitunguu kibichi juu, akapangusa mchuzi kwa mkate wa mahindi, akauliza nani kapika ili amwoe.

Carolyn Prewitt alisimama mbele ya chungu akauliza, "Yana mafuta ya nguruwe?"

"Yasipokuwa nayo ni maji ya moto," Zella akamjibu.

"Basi nipe mkate tu. Nilipasuliwa tumbo."

Zella akampa mkate. Alipoondoka, Zella akamgeukia Oleta. "Dada, umeona? Huyo hata akipewa mbingu atauliza ina chumvi kiasi gani."

"Kasema alipasuliwa."

"Na mimi nimepasuliwa mara tatu, mbona nakula?"

Oleta alikuwa anapima. Alikuwa amepeana mkono na wote wawili mlangoni. Mkono wa Rhonda ulikuwa wa moto na ulikushika kama ndugu, ila macho yake yalishapita begani kwako yakimtafuta anayefuata. Mkono wa Carolyn ulikuwa baridi na uliondoka upesi, lakini macho yalibaki. Oleta hakujua bado lipi kati ya hayo ni bora.

Ulipofika wakati wa maswali, aliinua upawa badala ya mkono.

Na hapa lazima mtu aelewe watu wa Turkeypen. Kule mtu haombi lake hadharani. Nyumba ikiungua, majirani watakujengea kabla majivu hayajapoa, lakini wewe mwenyewe usisimame ukasema nyumba yangu imeungua. Ni aibu kubwa kuliko kuiba. Basi Oleta aliuliza kwa kuzunguka: "Wapo watu humu kaunti wanaosafishwa damu pale Vestal. Nauliza kwa ajili yao. Kikifungwa, hao watu waende wapi?"

Watu wote walimjua anayeulizwa habari zake. Kwa heshima wakainamia sahani zao.

Rhonda alizunguka meza akamkumbatia Oleta, upawa na yote. Machozi yalimtoka, na yalikuwa machozi ya kweli. "Dada yangu," alisema kwa sauti iliyotetemesha madirisha, "bibi yangu alikufa kwa figo. Mimi nikifika Washington, mlango ule haufungwi. Nitalala pale kizingitini mwenyewe, niwaone watanirukaje!"

Makofi yakapigwa mpaka mbwa wa nje wakabweka.

Carolyn Prewitt alingoja kelele ziishe. "Utafungwa," akasema. "Unafungwa Juni, na atakayeshinda haapishwi mpaka Januari. Anayewaambia atauzuia anawadanganya, hata kama anawapenda."

Akaweka mkate wake mezani.

"Nilipokuwa naongoza hospitali kwetu nilifunga wodi ya uzazi. Sahihi ni yangu. Kwa hiyo najua kwa nini vitu hivi vinafungwa. Serikali inalipa kwa kila mgonjwa wa figo kiasi kisichotosha mahali penye wagonjwa wachache. Kiasi hicho kinapangwa na Kongresi. Nitakwenda kukibadilisha. Kikibadilika, mashine zinaweza kurudi, hata kwenye chumba kilichokuwa duka. Itachukua mwaka, labda zaidi. Labda nitashindwa."

Mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Mama, hiyo wodi ulipoifunga, watoto walizaliwa wapi?"

"Wengine barabarani," akasema, akakaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Zella alinong'ona, "Huyu hajui hata kuomba kura. Mtu anakuja kwenye maharage anakueleza habari za kufunga wodi!"

Baadaye, Oleta akisugua chungu jikoni, Carolyn aliingia peke yake. "Ni nani wako, kwenye hizo mashine?" akauliza.

Oleta alihisi uso unamwaka moto. "Nani kakwambia ni wangu?"

"Ulivyoushika upawa."

Oleta akasugua, akasugua. "Mume wangu," akasema mwisho.

"Anaitwa nani?"

"Verlin."

"Atavuka mlima?"

"Kasema havuki."

Mwanamke yule hakumpa pole. Alitazama nje dirishani. "Wangu naye aliiacha mashine," akasema. "Alikuwa daktari, alijua anachokifanya. Mwambie Verlin avuke mpaka nipate nafasi ya kujaribu. Nikishindwa nitapanda kuja hapa, nimwambie mwenyewe, uso kwa uso."

Nje, Rhonda alikuwa anaingia garini. Alipomwona Oleta mlangoni alipunga mikono yote miwili. "Dada! Mwambie Vernon nampenda!"

"Verlin," Oleta akasema, lakini gari lilishaondoka.

Nyumbani alimkuta Verlin barazani na blanketi magotini. Akamsimulia yote, la kitunguu, la machozi, la wodi, la jikoni.

"Mwanamke asiyekula maharage," Verlin akasema.

"Alipasuliwa."

"Na watoto wakazaliwa barabarani."

"Ndivyo alivyosema, mbele ya watu wote."

Verlin akajikuna kidevu. "Rudia hilo la mwisho. Atakuja hapa?"

"Akishindwa. Akwambie uso kwa uso."

"Mtu ana kazi yake Washington, apande Turkeypen kuja kumwambia mzee wa makaa kwamba ameshindwa." Akacheka kidogo, akakohoa sana. "Maisha yangu yote, wakubwa wakishindwa wanabandika karatasi."

Kunguru walikuwa wanagombana juu ya banda. Kisha Verlin akasema, "Haya, mama. Akishinda huyo, nitavuka mlima mpaka nione mwisho wake. Akishinda wa Stidham, usinisumbue tena."

"Unaapa?"

"Siapi. Nimesema."

Basi Oleta Caudill, ambaye hajawahi kugonga mlango wa mtu ila kupeleka chakula cha msiba, akaanza kupanda baraza za watu. Siku ambazo Verlin yuko Vestal kwenye mashine, siku ambazo amelala, yeye alikuwa anakwenda nyumba kwa nyumba na viatu vya bustani. Alizungumza habari za malipo ya serikali kwa wagonjwa, mambo aliyojifunza kwa kumuuliza muuguzi mpaka akamchosha. Alisema Rhonda ni mtu mzuri lakini hajui mambo ya hospitali. Alisema yule wa farasi ni mkavu, lakini asemalo ndilo. La Verlin na ahadi yake hakulitaja kwa mtu yeyote. Angelitajaje? Ingekuwa sawa na kusimama sokoni na bakuli.

Wengine walimkatalia. Mzee mmoja alimwambia, "Babake Rhonda alimvuta kaka yangu kwenye tope kwa lori lake, mimi nikampe kura mwenye farasi?" Lakini wajane walimsikiliza, na wachimbaji wa zamani wenye mapafu mabovu walimsikiliza zaidi, kwa sababu nao walikuwa na hospitali za kuogopa. Mmoja mmoja wakasema, "Haya Oleta, kwa kuwa ni wewe."

Kwa Zella ndiko mambo yalikoharibika.

"Unamuuza mtoto wa nyumbani," Zella alimwambia, maganda ya viazi yakimrukia mapajani. "Unamuuza kwa mtu ambaye hata chakula chako hakula."

"Sikumuuza mtu. Nimewapima wote wawili."

"Umepima na nini, na mizani ya nani? Rhonda alilia, Oleta. Nilimwona kwa macho yangu."

"Kulia hata mimi nalia."

"Basi na wewe gombea!" Zella akatupa kiazi kwenye sufuria. "Na umwambie huyo Carolyn wako aache kunipigia simu. Jana mara mbili, sauti ya mashine, haina hata habari za asubuhi. Sanduku langu la barua limejaa picha zao."

Oleta alishangaa. Kwao hakukuwahi kuja simu wala picha, si ya Carolyn wala ya Rhonda. Alikuwa amedhani ni kwa sababu nyumba yake iko ndani sana bondeni. Lakini ya Zella iko ndani zaidi. "Mimi mbona hawanipigii?"

"Labda wewe wameona umeshaiva," Zella akasema, na hawakuongea tena wiki zile zilizobaki. Kanisani walikaa benchi moja kama kawaida, na kitabu cha nyimbo katikati yao kama ukuta.

Siku ya mchujo Verlin alivaa shati jeupe. Ilikuwa ni siku baada ya mashine, rangi yake ilikuwa kama unga, lakini alikataa kubaki. Oleta aliendesha pikapu polepole mpaka kituo cha zimamoto, akamwacha ndani ya gari kwanza, akaingia.

Nyuma ya meza alikaa Junior Deaton, aliyechimba zamu moja na Verlin mpaka mgodi ulipofungwa. Alifungua daftari la wapiga kura, akashusha kidole, kikasimama. Akaondoa miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Dada Oleta," akasema, "wewe huna kura leo."

"Sina vipi? Jina langu hilo hapo."

"Lipo. Lakini upo chama cha zamani, kile ambacho hapa hakipati kitu. Mchujo huu ni wa chama cha sasa, cha Rhonda na Carolyn. Chama chetu sisi hakina wawili wanaogombania chochote mwaka huu, kwa hiyo hakina hata karatasi."

"Mimi chama hicho sijakipa kura ya rais tangu mama yako yuko hai!"

"Najua. Hakuna aliyekipa. Novemba unampa umtakaye, hakuna anayekuuliza. Mei unapewa karatasi ya chama ulichoandikishwa. Na wewe aliyekuandikisha ni baba yako."

Ilikuwa kweli. Enzi zile, mchimbaji aliyekuwa na kadi ya chama cha wafanyakazi alimpeleka kila mtoto wake mahakamani, kwa karani wa kaunti, siku anapotimiza umri, akamwandikisha chama hiki cha siasa cha zamani, kama kumbatiza. Kutoandikishwa huko kulikuwa kama kusaliti mgomo. Miaka ikapita, mgodi ukafungwa, chama cha wafanyakazi kikafa, watu wakahamishia kura zao chama cha sasa mmoja baada ya mwingine. Majina yao hakuna aliyekumbuka kuyahamisha.

"Lakini mimi nimepiga kura Mei!" Oleta akasema. "Nilikupa wewe mwenyewe, ulipogombea ukuu wa jela!"

"Uliponipa niligombea kwa chama hicho hicho. Bonde zima tumo humo, dada, ndiyo maana hao wagombea hawatupigii simu. Mimi mwenyewe hapa nilipo sipigi."

"Basi nibadilishe sasa hivi."

"Mwisho ulikuwa Desemba iliyopita."

"Desemba sikujua kama kuna Carolyn!"

Mlango ukafunguka, Verlin akaingia akishika ukuta. "Kuna nini? Wamekukamata?"

"Hatuna kura," Oleta akasema.

"Hata mimi?"

"Wewe ndiye kabisa," Junior akasema. "Wewe ulikuwa mwenyekiti wa tawi la wafanyakazi, ulimrithi baba yake Oleta."

Verlin akatafuta kiti akakaa. Mabega yakaanza kumtikisika, na Oleta akadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka hana sauti, mkono kifuani. "Baba mkwe," akasema, "kanipata akiwa kaburini."

Hapo Oleta akapasuka. Mbele ya Junior, mbele ya watu waliokuwa foleni, alisema lile ambalo hajalisema kwenye baraza hata moja. "Atakufa, Junior! Usicheke, Verlin! Alisema akishinda yule atavuka mlima, asiposhinda haendi. Nimezunguka bonde zima kwa ajili hiyo. Niache nipige, hata karatasi ya kukunja tu, andika jina langu popote!"

Mtu aliyekuwa anatumbukiza karatasi yake kwenye mashine ya kura kule ukutani aligeuka. Alikuwa Zella. Miaka mingi nyuma mpwa wake aligombea usherifu, ukuu wa polisi wa kaunti, kupitia chama cha sasa, na Zella akahamisha jina ili ampe kura. Alikuwa mmoja wa wachache wa Turkeypen wenye karatasi siku ile.

Asubuhi yote Oleta alisimama uani, pembeni ya gari la moto, akiwatazama watu wake wakiingia na kutoka. Wajane. Wale wa mapafu. Mmoja alisema, "Umenitoa nyumbani na mgongo huu, Oleta," bila hasira, kama anayetaja hali ya hewa. Zella alikuja akasimama karibu naye, kibandiko wanachopewa waliokwisha kupiga kura kikiwa kwenye kola.

"Nimempa Rhonda," akasema.

"Najua."

"Ungeniambia ni Verlin ningempa yule wa farasi. Ningempa hata kwa kuuma meno." Akamgeukia. "Umekuja kwangu ukanihubiria malipo ya serikali. Malipo ya serikali, Oleta! Mimi na wewe!"

"Ningekwambiaje?"

Zella alifikiri. Alizaliwa bonde hilo hilo. "Sijui," akasema.

Kesho yake asubuhi redio ilisema Rhonda Stidham ameshinda, na ameshinda vizuri. Hata bonde zima la Turkeypen lingepiga kura, na mabonde ya jirani yakaungana nalo, lisingemfikia.

"Unaona?" Verlin akasema, akichovya mkate kwenye kahawa. "Hata ungewapata wote. Hukukosea kitu."

Alidhani anamfariji. Oleta alikaa akiutazama uso wa redio. Kama kosa lingekuwa lake angalau angekuwa na kitu cha kushika.

Juni ikafika. Vestal ikafungwa siku ile ile iliyoandikwa. Wauguzi walikumbatiana na wagonjwa mlangoni, viti vya mashine vikapakiwa kwenye lori vikiwa vimefungwa nailoni. Rhonda hakulala kizingitini. Lakini haki yake apewe: alikuja, akalia na kila mmoja, safari hii akalipata jina la Verlin sawasawa, na hakuishia kulia. Alipiga simu huku na huku mpaka kaunti ikatoa gari la kuwavusha wagonjwa mlima, lenye viti laini na feni, bila malipo. Lingepita kila bonde alfajiri. Watu walisema mnaona, mtoto wa nyumbani. Na walikuwa na haki ya kusema.

Oleta alijaribu na hilo. Jumapili, baada ya kanisa, alipiga magoti mbele ya kiti cha Verlin, jambo ambalo hakulifanya hata walipomzika mtoto wao. "Rhonda kafanya. Kafanya alichoweza. Gari lina viti vizuri, Verlin. Nitakaa nawe njia nzima."

"Kafanya vizuri," Verlin akasema. "Gari ni zuri." Akampapasa kichwa, polepole, kama anayetafuta kitu kwenye nywele zake. "Inuka, magoti yako hayako sawa."

"Mara moja tu. Jaribu mara moja."

"Nikijaribu mara moja utaniomba ya pili. Na mimi siwezi kukukatalia kila asubuhi, mama. Nina nguvu za kukukatalia mara moja tu."

Jumatatu alfajiri ukungu ulikuwa umelala kijitoni. Oleta alishaamka, alishamtolea Verlin shati na mto wa shingo, akaviweka kitini. Verlin aliamka mwenyewe, akavaa suruali ya kazi, akatoka barazani na kahawa, akakaa. Mto alikuwa ameuacha ndani.

Gari likaja likipiga taa. Lilisimama barabarani chini, likapiga honi mara moja, kwa adabu. Oleta akangoja. Verlin akanywa kahawa. Honi ya pili haikuja. Injini tu ilikuwa inanguruma kule chini.

Akashuka mwenyewe, akishika nyasi za pembeni asiteleze. Dereva, mtu wa makamo mwenye kofia ya kaunti, alikuwa ameshafungua mlango wa kando na kutoa ngazi ndogo. Ndani walikaa wagonjwa wawili wamejifunika, mmoja amesinzia tayari.

"Nimsaidie kushuka?" dereva akauliza. "Kilima kikali."

"Leo haji."

"Anaumwa?"

Oleta aliona swali lile halina pa kulishikia. "Haji," akasema tena.

Dereva akatazama juu, barazani. Verlin aliinua mkono, kama anavyoinulia kila gari linalopita. Dereva naye akainua wake.

"Basi Jumatano nitapita," akasema. "Nitapiga honi pale kwenye kona, awe na muda wa kujiandaa."

Oleta aliikunja ngazi, akaiweka ndani karibu na miguu ya yule aliyesinzia.

"Usipite," akasema. Na kwa kuwa yule mtu alibaki amesimama tu, hajui afanye nini na mikono yake, Oleta akausukuma mlango wa gari akaufunga mwenyewe.